Mishipi mitano nyuma ya boti na nguru hamna: anza kuangalia wapi

Malalamiko ya wanaorambaza, yaani wanaovua kwa kukokota mishipi nyuma ya boti, ni yaleyale kila msimu. Mishipi inatatana, samaki anagonga hanasi, upande mmoja wanakula ukigeuza boti kimya, afu mtu anaenda kununua chambo kingine cha plastiki cha bei mbaya na wiki inayofuata kilio kilekile. Hapa nazungumzia boti ndogo za faiba, mashine ya nguvu za farasi 15 mpaka 40, mishipi minne mpaka sita nyuma, mnatafuta nguru, sehewa, jodari wadogo, fulusi, iwe Tanga, Pemba, Shimoni au kule Watamu. Na niseme mapema maana wengi hawapendi kusikia: shida nyingi za mishipi mingi zinatoka kwenye usukani, sio kwenye ndoano. Aliyeshika mashine ndo anavua, wengine tunashika tu rodi.

Kwanza tuelewane kuhusu mpangilio, manake kama wako ni tofauti kabisa huko chini utapotea. Mishipi miwili mifupi inatoka pembe mbili za tezi (nyuma ya boti), mmoja pima 8 mwingine pima 11 (pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa), hiyo inabeba vitu vinavyozama, samaki wa plastiki mwenye ulimi mrefu (kile kipande bapa mdomoni kinachomzamisha) au manyoya yenye risasi kichwani. Miwili inapita kwenye mianzi inayochomoza nje ubavuni, pima 16 na pima 20, hapo weka vinavyozama kidogo. Wa katikati unaenda pima 30 au zaidi, na kitu chake kinatembea juujuu, pweza wa plastiki au chuchunge, samaki halisi mwembamba wa chambo. Yaani wa karibu uende chini, wa mbali uende juu. Funga uzi wa rangi kwenye mshipi kila pima 5 ili usiwe unakisia, mambo ya "mwachie tu utatosha" ndo chanzo cha nusu ya haya yanayofuata.

Mishipi inatatana

Sababu ya kwanza, na kwa mbali kabisa, ni kona. Boti ikikata kona kali mishipi ya upande wa ndani inapoteza mwendo, vitu vizito vinazama, vyepesi vinalegea, na ile ya upande wa nje inaongeza kasi na kupita juu yake, ukimaliza kugeuka una kamba moja nene yenye ndoano kumi. Kona ya kurambaza inakatwa taratibu mpaka abiria asiyejua anauliza kwani tunageuka au vipi. Geuza kidogo, nyoosha mpaka mishipi yote inyooke, geuza tena kidogo. Kama nafasi ni finyu, labda mwamba uko karibu au kuna nyavu za watu, vuta mishipi miwili ya kwenye mianzi ndani kwanza ndo ugeuze.

Ya pili ni urefu kufanana. Mishipi miwili jirani yote ikiwa pima 15, wimbi moja la ubavuni linatosha. Ya tatu ni utaratibu wa kutoa na kuvuta: unatoa ule mrefu wa katikati kwanza, afu wa kwenye mianzi, mifupi mwisho, na kuvuta unaanza na mifupi. Boti muda wote inatembea mbele, imenyooka. Wengi wanatoa mishipi boti imesimama wakidhani ndo rahisi, kumbe hapo ndo wanaifunga.

Ya nne ni upepo. Kusi ikipiga ubavuni inabeba mishipi ya juujuu na kuilaza juu ya mingine, sasa wewe hata kona hujakata na imeshatatana. Shusha ncha za mianzi karibu na maji, au ule mshipi mrefu uhamishie upande ule upepo unakoelekea badala ya katikati. Ya mwisho, sio ya mara nyingi sana, ni chambo kimoja kisichotembea sawa, kinakimbilia pembeni na kuzoa wenzake, hicho tutakiona chini.

Njia ya kumjua mkosaji ni rahisi. Anza na mishipi miwili tu, tembea dakika kumi umenyooka na kona moja pana. Haijatatana? Ongeza wa tatu. Endelea hivyo mpaka vurugu litokee, mshipi wa mwisho kuingia ndo wa kuhojiwa. Na kama mko wawili kwenye boti na mmoja ndo anajifunza, baki na mitatu tu siku hiyo, mishipi mitatu inayotembea vizuri inaleta samaki kuliko sita inayoshinda mapajani ikifumuliwa.

Ikishatatana usisimamishe boti. Narudia kwa sababu mkono unaenda wenyewe kwenye mashine: usisimamishe boti, mishipi ikilegea inazama chini ya tezi na hapo panga la mashine (propela) linaichukua. Punguza moto lakini songa mbele, vuta ile mizima kwanza, halafu iliyotatana ivute yote pamoja kwa mikono iliyovaa glovu. Kufumua ni mwisho, na kama fundo limekuwa kubwa kuliko ngumi kata, mshipi ni rahisi kuliko asubuhi nzima.

Mkielekea huku wanakula, mkirudi kimya

Hii ndo watu wanaielezea kwa kila kitu, jua, kivuli cha boti, samaki wameshiba. Mara nyingi ni mkondo. Mkondo wa pwani yetu unaelekea kaskazini mwaka mzima, wakati wa kusi unakaza sana na wakati wa kaskazi unapoa, na kwenye mfereji wa Pemba unausikia kabisa kwenye usukani. Sasa simu yako inapokuambia unakwenda noti 5 (maili 5 za bahari kwa saa) inapima mwendo juu ya ardhi, na chambo chako hakipo juu ya ardhi, kipo ndani ya maji yanayotembea.

Chukua mkondo wa noti 2. Unaelekea kaskazini simu inasoma 5, kwenye maji unakwenda 3 tu, samaki wa plastiki anatikisika kivivu. Ukageuza kusini ukashikilia 5 ileile ya simu, kwenye maji unakwenda 7, vitu vinaruka juu vinapiga makofi. Kwa hiyo ukitaka noti 5 za kweli simu isome kama 7 ukienda kaskazini na kama 3 ukirudi kusini. Ndani ya mwamba na kwenye milango, maji kujaa na kupwa yanachanganya zaidi, hasa bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mpevu), mpaka upande wa mkondo unageuka.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji simu. Angalia ncha ya rodi. Samaki wa plastiki akifanya kazi vizuri ncha inatetemeka haraka haraka, ndogondogo, bila kukoma. Ikitetemeka polepole ongeza moto, ikitulia afu ikaruka ghafla punguza. Mshipi wa mkono ni vilevile, unaushika kwa vidole viwili na unausikia. Ukishapata mtetemo mzuri sikiliza sauti ya mashine ikoje na uikariri, hiyo sauti ndo mwendo wako, namba ya simu iache kwa ajili ya kujua mmefika wapi.

Kwa ujumla chuchunge na chambo kingine cha samaki halisi kinapenda noti 2 mpaka 4, samaki wa plastiki wenye ulimi 4 mpaka 6, pweza wa plastiki 6 mpaka 8. Umeona tatizo tayari: watu wanachanganya chuchunge na pweza wa plastiki kwenye boti moja halafu wanashangaa kimoja hakiguswi. Chagua familia moja ya mwendo, mishipi yote iifuate.

Kama mwendo uko sawa pande zote mbili na bado ni upande mmoja tu, basi labda ni kweli samaki wamesimama wanatazama mkondo unakotoka na chambo chako kinawajia kwa nyuma. Hapo katiza mkondo kwa mshazari badala ya kwenda nao au kupingana nao uso kwa uso.

Samaki wa plastiki anaogelea ubavu au anaruka nje ya maji

Kwanza mvute ndani umtazame. Karibu kila mara ni majani. Unyasi mmoja tu wa mwani kwenye ulimi unatosha, na baada ya bamvua au mvua kubwa majani yanaelea kila mahali, siku hizo vuta mishipi kuangalia kila robo saa hata kama unaona uvivu. Ncha ya rodi iliyoacha kutetemeka ina majani, usisubiri samaki aje akwambie.

Kama ni msafi, angalia fundo. Fundo la kukaza likihama upande mmoja wa kijicho cha mbele, samaki anavutwa kichwa upande. Funga kitanzi kinachocheza badala ya fundo la kukaza. Ndoano je, moja imejishika kwenye mshipi? Umebadilisha ndoano ukaweka kubwa zaidi kuliko zile alizokuja nazo? Zinamlemea.

Vyote viko sawa, basi ni kijicho kimepinda, labda samaki mkubwa aliwahi kumkamata. Mvute ubavuni mwa boti umwone. Anakimbilia kushoto kwako? Mtoe, mshike kichwa kikuelekee, na kwa plaizi kunja kijicho kulia kwako kidogo sana, kiasi kwamba huna uhakika kama umekunja, afu mrudishe majini. Ukikunja kwa nguvu unakivunja, na ulimi wenyewe ukiwa na ufa hana matibabu, atumike kufundishia watoto.

Wanagonga lakini hawanasi

Samaki akigonga tu, mwenye mashine anazima. Hii ndo sababu namba moja. Mshipi unalegea, ndoano haijaingia, samaki anatikisa kichwa anaondoka na salamu. Akigonga endelea na mwendo uleule kwa kuhesabu mpaka kumi, tena sehewa na jodari wanatembea kundi, ukiendelea mishipi mingine nayo inapigwa. Halafu ndo unapunguza, sio kuzima.

Sababu ya pili ndoano butu. Weka ncha ya ndoano juu ya ukucha wa dole gumba na ivute taratibu, ikiteleza ni butu, ikikwama ni kali. Tupa ndogo ya kunolea inatosha, piga kuelekea kwenye ncha. Zenye kutu ndani kwenye mpindo badilisha, usinoe.

Chuchunge anarudi kichwa tu, mwili umekatwa kama kwa wembe? Huyo nguru, anapiga mkia kwanza ili chakula kisikimbie. Ongeza ndoano ya pili nyuma karibu na mkia, iunganishe kwa waya mfupi na ya mbele, sio kwa nailoni. Hakikisha hiyo ya nyuma haimvuti chuchunge akajikunja, akijikunja atazunguka.

Baada ya hapo ndo uguse breki ya rili. Funga mizani ya kuning'iniza kwenye mshipi na uvute, breki iachie kwenye robo mpaka theluthi ya nguvu ya mshipi, mshipi wa kilo 15 breki iachie kwenye 4 au 5. Kwa mshipi wa mkono hakuna breki, kwa hiyo funga kipande cha mpira wa tyubu ya ndani kati ya mshipi na boti, kinavutika samaki anapogonga na kinakaza ndoano chenyewe. Na usiuzungushe mshipi mkononi. Kamwe. Jodari wa kilo 30 akishuka chini hakuulizi kama umeshatoa vidole.

Mshipi unakatika

Usitupe kile kipande kilichobaki. Kichukue ukigeuze juani, ncha yake inaeleza kila kitu.

Ncha imekatika safi, mraba: meno. Nguru au mzia. Kama hukuweka waya umepata jibu, weka waya mwembamba wa futi moja na nusu hivi, mrefu zaidi hauongezi samaki. Kama uliweka waya na umekatwa juu ya waya, angalia swiveli yako (kile kiungo kinachozunguka kati ya mshipi na waya), ikiwa inang'aa kama pete ya harusi nguru wa pili anaipiga hiyo akidhani ni kidagaa. Tumia nyeusi, ndogo.

Ncha imejikunja kama mkia wa nguruwe: fundo limeteleza. Hapo samaki hana kosa. Lilowanishe fundo kwa mate kabla ya kukaza, kaza polepole, acha masalio kidogo usikate karibu mno.

Ncha imechakaa, nyeupe, ina nyuzinyuzi, na ukipitisha kidole juu yake unasikia mikwaruzo kwa pima nzima au mbili: umekwaruza mahali. Mwamba, ukingo wa faiba, au pete ya rodi iliyopasuka. Pete inakaguliwa kwa pamba, ipitishe ndani, ikinasa nyuzi kuna ufa, na huo ufa utaendelea kukata kila mshipi mpya utakaoweka mpaka ubadilishe pete.

Ncha imevutika, imekuwa nyembamba halafu imepasuka: mvuto umezidi, rudi kwenye breki. Au mshipi umezeeka, nailoni ikishinda juani miezi inakuwa kama tambi kavu, inakatika hata kwa mkono. Na waya ukikunjika hata mara moja tu, ukawa na kona, usiunyooshe. Utakatikia hapohapo kwa samaki yule ambaye ungependa kuonyesha watu.

Mshipi unajisokota wenyewe

Chuchunge anazunguka kwa sababu ndoano haikutokea katikati ya mwili, au mwendo umezidi. Mpange upya awe amenyooka, mfunge mdomo kwa uzi. Hakuna swiveli, weka. Ulioshasokotana toa kila kitu mwishoni, swiveli, waya, vyote, acha mshipi mtupu ukokotwe nyuma ya boti dakika chache, maji yanaufungua yenyewe.

Mshipi umeingia kwenye panga

Hapa tulia. Weka fri, zima mashine, chomoa kamba ya kuzimia, na kama kuna funguo iingie mfukoni kwako wewe utakayenyoosha mkono. Inua mashine juu ufanyie kazi ukiwa ndani ya boti, mtu asiruke majini kwenye mkondo eti ni sekunde moja. Zungusha panga kwa mkono kinyume, kata vipande vipande, usivute kwa nguvu.

Ukifika nchi kavu kazi haijaisha. Nailoni inajiviringa nyuma ya panga kwenye shafti na inakata oili sili, afu maji ya chumvi yanaingia kwenye gia boksi kimyakimya. Toa panga uangalie nyuma yake. Fungua skrubu ya chini ya gia boksi, acha tone la oili litoke: ikiwa nyeupe kama maziwa, simama hapo, usiwashe tena mashine, muite fundi abadilishe sili. Bei ya sili ni ndogo, ya gia utauza boti. Vilevile fundi anahitajika kama panga linatetemesha boti nzima baada ya tukio, manake shafti inaweza kuwa imepinda.

Na mawimbi yakianza kupandia tezi wakati mishipi iko nje na mashine imezimika, kata yote kwa kisu, geuza omo (mbele ya boti) kwenye wimbi, kila mtu jaketi. Kisu kiwe karibu na tezi muda wote, sio ndani ya begi chini ya chakula.

Ndoano imeingia mwilini

Ikiwa juujuu kwenye ngozi na ncha inaonekana, kata kichwa cha ndoano kwa plaizi na isukume itokee mbele, osha sana, na ukaulize sindano ya pepopunda kama hukumbuki ya mwisho ulichomwa lini. Ikiwa kwenye jicho, shingo, kiungo cha kidole, au imezama huioni, usiiguse. Kata mshipi, funga kitambaa isicheze, rudini pwani, hospitali.

Kila kitu kiko sawa na bado hamna

Basi mko mahali pasipo na samaki, inatokea. Fuata ukingo wa mwamba pale maji yanapobadilika rangi, alfajiri mpaka saa tatu, maji yakiwa yanatembea. Maji yakisimama nguru naye anasimama. Ndege wanaochovya ndo ramani bora kuliko simu yoyote, ila zunguka kundi kwa pembeni, ukipita katikati na mashine unawazamisha samaki wote. Na mkikaribia hifadhi ya bahari mishipi iwe ndani, mbuga za Malindi na Watamu zimekuwepo tangu 1968 kwa hiyo hadithi ya sikujua askari ameshaizoea.

Samaki amepatikana, waliokula wamewashwa

Nguru, jodari na sehewa wakikaa juani saa kadhaa bila barafu wanatengeneza sumu ambayo kupika haiiondoi, hata umkaange akauke. Dalili zinakuja haraka, uso mwekundu, mdomo unawasha, kichwa, moyo unakwenda mbio, mara nyingi ndani ya saa moja. Dawa ni barafu kuanzia dakika anayopanda botini, barafu iliyochanganywa na maji ya bahari inapoza haraka kuliko mabonge makavu. Mtu akivimba mdomo au kupumua kwa shida msimnyweshe maziwa mkasubiri, mpelekeni hospitali, na mwambieni daktari amekula samaki gani na saa ngapi.